Ngazi ya Masomo kwa Kijana wa Paje: Kutoka Mafunzo ya Amali hadi Shahada

Kijiji cha Paje, kilichopo mahali ambapo barabara itokayo Mjini inaikuta pwani ya mashariki ya Unguja na kugawanyika, mkono mmoja ukielekea Bwejuu na mwingine Jambiani, hakina chuo kikuu wala kampasi ya chuo kikuu. Hata hivyo vijana wanaomaliza kidato cha nne hapo wanaishi katika kisiwa ambacho, kwa muda wa takriban robo karne, kimefungua milango ya elimu ya juu ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Swali linaloikabili familia baada ya matokeo kutoka limebadilika: zamani liliulizwa kama chuo kipo, na sasa linaulizwa ni chuo kipi, kwa sifa zipi, kwa muda gani, na tuzo itakayopatikana itamfikisha mwanafunzi wapi baada ya hapo. Sehemu hiyo ya mwisho ya swali ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, ilhali ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu tuzo za masomo nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi zinazofuatana, na mtu anayelipia mafunzo yasiyo na nafasi katika mpangilio huo huweza kujikuta ameshika cheti kizuri cha kutundika ukutani ambacho hakuna chuo kingine kinachokipokea.

Jitihada za kuisogeza elimu ya juu karibu na watu wa kawaida si jambo la Zanzibar peke yake. Nchini Marekani zilizaa vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya ada nafuu vinavyohudumia wakaazi wa eneo moja, ambavyo mwanafunzi husoma huku akiendelea kuishi kwao na pengine kufanya kazi, akapata tuzo ya miaka miwili, kisha ama akaingia kazini au akahamishia masomo aliyokwisha kufaulu katika chuo kikuu ili amalize miaka miwili iliyosalia ya shahada. Chuo kinachohesabiwa kuwa cha mwanzo cha aina hiyo ni Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901, na tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilishauri mwaka 1947 kwamba vyuo hivyo visambazwe nchi nzima. Tanzania Bara nayo ilichukua njia iliyofanana na hiyo kwa kiasi fulani pale ilipoanzisha, mwaka 1975 na kwa msaada wa Sweden, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo leo vinazidi hamsini na ambavyo humpokea mtu mzima wa kijijini anayetaka kujifunza useremala, kilimo, ushoni au upishi bila kumdai kwanza cheti cha sekondari. Zanzibar haina chuo chenye jina kama hilo, lakini kazi yenyewe inafanyika, isipokuwa imegawanywa baina ya vituo vya mafunzo ya amali, taasisi za ufundi, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha SUZA, chenye kampasi zilizotapakaa Unguja na Pemba.

Kabla ya kuvitazama vyuo vyenyewe ni lazima ngazi ieleweke, kwa kuwa majina ya tuzo yanafanana na mara nyingi huchanganywa. Mwanzoni kabisa kuna mafunzo ya ufundi stadi, ambayo Zanzibar huitwa mafunzo ya amali, yenye daraja tatu, ya kwanza hadi ya tatu, zinazompima mtu kwa kile anachoweza kukifanya kwa mikono yake katika fani moja, kama vile ufundi bomba, umeme wa majumbani, ushoni au upishi. Juu yake zimo tuzo za elimu ya ufundi zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, zilizopewa namba kuanzia 4. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada kamili, na ngazi ya 6 ni stashahada, ambayo watu wengi huiita diploma. Ngazi ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni uzamili, na ya 10 ni uzamivu, yaani tuzo inayompa mtu haki ya kuitwa daktari wa taaluma. Shahada zinazotolewa na vyuo vikuu zinasimamiwa na chombo kingine, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, tume hiyo ina mamlaka juu ya vyuo vikuu vya Zanzibar sawasawa na vile vya Bara.

Kila ngazi hupimwa kwa krediti, yaani kipimo cha muda ambao mwanafunzi wa kawaida anahitaji kuutumia darasani, maktaba, karakana na nyumbani ili aimudu sehemu fulani ya masomo. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu hukamilika kwa krediti 360. Hesabu hiyo inaonekana kavu, lakini inamweleza mzazi jambo la maana sana, nalo ni kwamba mwaka mmoja wa chuo ni kazi ya saa 1,200, na kozi ya miezi mitatu, hata ikiwa nzuri namna gani na hata ikitolewa katika jengo lenye kiyoyozi, haiwezi kuwa na uzito sawa na astashahada ya mwaka mzima. Anayeambiwa kwamba atapata diploma kwa wiki kumi ana haki ya kuuliza diploma hiyo imesajiliwa na nani na iko katika ngazi ya ngapi.

Sifa za kujiunga nazo zinafuata mantiki hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa alama D au zaidi katika masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuomba nafasi katika ngazi ya 4 ya programu nyingi. Aliyemaliza daraja la tatu la ufundi stadi huku akiwa na cheti cha kidato cha nne naye ana mlango wake. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu kutoka ngazi ya 4 hadi stashahada, mwaka mmoja kwa kila ngazi, na ile ngazi ya kati si kupoteza muda, kwa sababu anayelazimika kusimama kwa kukosa ada au kwa uzazi huondoka na tuzo inayojitegemea na anaweza kurudi baadaye akaendelea alipoachia. Kijana aliyemaliza kidato cha sita bila kufikia sifa za chuo kikuu, lakini akawa na ufaulu mkuu katika somo moja na ufaulu mdogo katika jingine, huweza kuanzia ngazi ya 5 na kufupisha safari kwa mwaka mmoja.

Kuhusu shahada ya kwanza, njia inayojulikana na kila mtu ni ya kidato cha sita, ambapo kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016 mwombaji hutakiwa kuwa na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayofikisha jumla ya alama 4, ikihesabiwa A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Njia ya pili haisemwi vya kutosha katika skuli za shamba, nayo ni ya stashahada: mwenye stashahada ya fani inayohusiana na shahada anayoiomba, akiwa na wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha 5 pamoja na ule ufaulu wake wa kidato cha nne, ana sifa ya msingi ya kuingia chuo kikuu, ijapokuwa programu moja moja huweza kudai zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mtoto wa Paje aliyepata matokeo ya wastani kidato cha nne, ambaye jirani zake wameshamhesabu kuwa ameanguka, bado ana barabara kamili ya kufika kwenye shahada kwa miaka mitatu ya stashahada na mitatu mingine ya chuo kikuu. Atachelewa mwaka mmoja tu kuliko mwenzake aliyepitia kidato cha tano na cha sita, na katika muda huo atakuwa amepata tuzo inayomwezesha kuajiriwa. Dhana kwamba stashahada ni fungu la walioshindwa imewanyima vijana wengi wa Kusini Unguja nafasi waliyostahili, na inafaa iachwe.

Hata hivyo barabara hiyo ina vizuizi vyake, na kikubwa kuliko vyote huwekwa mapema, wakati mwanafunzi anapochagua masomo katika sekondari. Programu za afya kama uuguzi na utabibu hudai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia tangu ngazi ya 4, kwa hiyo msichana anayetamani kuwa muuguzi lakini akaacha fizikia kwa kuwa skuli yake haikuwa na mwalimu wa somo hilo atakuwa amefungiwa mlango huo kabla hajafikisha miaka kumi na minane, tena kwa sababu isiyotokana na uvivu wake. Ushauri wa masomo unapaswa kutolewa wakati huo, sio baada ya matokeo.

Chuo kilichobeba sehemu kubwa ya ngazi hii kisiwani ni SUZA, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ya Baraza la Wawakilishi na kuanza kufundisha mwaka 2001. Kilianza kikiwa kidogo, kikiwa na mizizi katika Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ya Vuga, iliyokuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo jina lake la kifupi, TAKILUKI, bado linatajwa na watu wa Mjini. Katika muongo wa 2010 Serikali iliamua kuunganisha nacho vyuo kadhaa vilivyokuwa vikijitegemea: chuo cha utalii cha Maruhubi, chuo cha uongozi wa fedha cha Chwaka, chuo cha afya cha Mbweni na chuo cha uandishi wa habari. Chuo cha ualimu cha Nkrumah, kilichopo Beit el Ras, nacho kimo ndani ya mkusanyiko huo, na Pemba ina kampasi yake. Uamuzi huo ulikuwa na faida moja kubwa ambayo si rahisi kuiona kwa nje, nayo ni kwamba mwanafunzi anayeanza astashahada ya utalii Maruhubi na mwenzake anayesoma shahada katika kampasi kuu ya Tunguu wamo ndani ya chuo kimoja, chini ya seneti moja, yaani baraza la wanataaluma linalopitisha mitaala na matokeo, na kwa hivyo kupanda kutoka tuzo moja hadi nyingine hakutegemei tena makubaliano baina ya taasisi mbili zisizojuana.

Masomo yanayotolewa katika kampasi hizo ni mapana. Yako ya ualimu wa sayansi na wa sanaa, sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari, uhasibu na biashara, ukarimu na utalii, uuguzi na afya ya mazingira, udaktari wa binadamu, na Kiswahili, somo ambalo chuoni hapo linaweza kufuatwa hadi uzamivu. Kwa mkaazi wa Paje lililo muhimu zaidi ni ramani: Tunguu, ilipo kampasi kuu, iko kando ya barabara ile ile inayotoka Kusini kwenda Mjini, baada ya kupita msitu wa Jozani, hivyo kwamba abiria wa gari ya 309 ya Jambiani au ya 324 ya Bwejuu hushuka njiani kabla ya kufika mwisho wa safari. Chwaka, kwa upande mwingine, ipo pwani ile ile ya mashariki na kutoka Michamvi mtu huitazama ng'ambo ya ghuba, lakini kwa njia ya nchi kavu ni lazima azunguke ndani ya kisiwa. Maruhubi na Mbweni ziko upande wa Mjini, umbali wa kiasi cha kilomita 50 kutoka Paje, na kwa anayesoma huko uamuzi wa kweli huwa ni baina ya dahalia, nyumba ya jamaa Mjini, na kuamka kabla ya alfajiri kila siku.

Nje ya SUZA zipo taasisi nyingine zinazofaa kutajwa, ingawa kila moja ingestahili makala yake. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, iliyopo Mbweni, ndiyo ya kutazamwa na anayetaka stashahada za uhandisi kama umeme, ujenzi au mitambo. Tunguu kuna pia Chuo cha Utawala wa Umma na Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho ni cha binafsi na kilianza mwaka 1998, mwaka ule ule kilipoanza chuo cha ualimu cha Chukwani ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi cha Mji Mkongwe kimekuwa kikifundisha qanun, udi na fidla tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bila ya chuo hicho elimu ya taarab ingebaki mikononi mwa wazee wachache. Bweleo, tangu mwaka 2023, ipo kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, ya kwanza ya taasisi za aina hiyo kufunguliwa nje ya India, inayotoa shahada ya miaka minne katika sayansi ya data na akili mnemba. Ushindani wake ni mkubwa, na kwa sasa ni wachache mno wanaoweza kuuingia kutoka skuli za kawaida za kisiwa, jambo ambalo wasimamizi wa elimu wanapaswa kulishughulikia kwa kuimarisha hisabati tangu darasa la mwanzo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, yaani mwanafunzi husoma alipo kwa vitabu na mtandao, akahudhuria mitihani tu na vikao vichache vya ana kwa ana. Kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa alama za kidato cha sita, na kwa mfanyakazi wa hoteli wa Paje asiyeweza kuacha kazi huenda hicho ndicho chuo kilicho karibu naye kuliko vyote.

Katika Mkoa wa Kusini wenyewe, taasisi ya umma inayokaribia zaidi wazo la chuo cha jamii ni kituo cha mafunzo ya amali cha Makunduchi, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar. Vituo vya mwanzo vya mamlaka hiyo vilikuwa vitatu, Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba, na baadaye vikaongezwa cha Makunduchi na cha Daya, Pemba, kwa hiyo kwa miaka mingi kijana wa Paje aliyetaka kujifunza ufundi rasmi alilazimika kuvuka kisiwa. Katika vituo hivyo mafunzo hutolewa zaidi kwa vitendo kuliko kwa maandishi, mwanafunzi akishinda karakana akikata bomba, akifunga nyaya au akikata kitambaa kwa kipimo mbele ya mwalimu, naye hupimwa kwa kazi aliyoikamilisha. Pamoja na mafunzo ya kituoni ipo njia ya uanagenzi, ambayo mwanafunzi hukaa sehemu ya muda wake kwa fundi au katika kampuni na sehemu nyingine darasani. Utaratibu huu unalingana na namna ufundi ulivyorithishwa Unguja tangu zamani, kutoka kwa mchonga milango na muunda vyombo hadi kwa fundi cherehani, isipokuwa sasa una mtaala na mtihani.

Hata hivyo ukaribu wa chuo haupimwi kwa kilomita peke yake. Paje na Jambiani ndivyo vijiji ambavyo kilimo cha mwani cha biashara kilianzishwa Unguja mwaka 1989, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Mwani hufungwa kwa vikamba vidogo katika kamba ndefu iliyotandazwa baina ya vijiti viwili vilivyopigiliwa mchangani, ukaachwa ukue kwa takriban wiki sita, kisha ukavunwa, ukaanikwa na kuuzwa nje, ambako hutolewa karajinani, utomvu unaotumika kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Shamba hilo haliwezi kuhudumiwa isipokuwa maji yakiwa yametoka, na wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hupwa sana na kujaa sana, maji katika pwani hii hufikia upeo wa kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo kila chuo kisiwani kinafundisha. Mama mwenye shamba la mwani anayetaka kujifunza uhasibu mdogo, Kiingereza au usindikaji anakutana na ratiba isiyolingana na bahari, na kila baada ya wiki mbili atalazimika kukosa vipindi siku kadhaa mfululizo, kisha akahesabiwa kuwa mtoro.

Jambo hilo lingeweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Muhula wa kozi za jioni, au moduli fupi zilizopangwa kwa siku za maji mafu, wakati bahari haitoki vya kutosha na mashamba hayafikiki, ungewaruhusu wanawake hao kusoma bila kuacha kipato chao. Moduli ni sehemu moja ya kozi inayojitosheleza na kupimwa peke yake, na mfumo wa krediti umetengenezwa hasa ili mtu aweze kuzikusanya kidogo kidogo. Yapo mafunzo yaliyokwisha kuthibitisha kwamba mwanamke wa kijijini mwenye elimu ndogo ya skuli anaweza kumudu fani ngumu: chuo cha Barefoot kilichopo Mkoa wa Kaskazini Unguja huwafundisha akina mama kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na wanaporudi vijijini mwao ndio mafundi wanaotegemewa. Kilichobaki ni kuwa mafunzo ya namna hiyo yaunganishwe na ngazi ya kitaifa, ili aliyeyapata awe na pa kuendelea. Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa wakulima wa mwani, kwa sababu joto la bahari limeudhoofisha mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri, na kuwaacha wengi na spinosum wenye bei ya chini, huku tafiti za Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayofanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1978, zikionesha njia za kulima katika maji ya kina na za kuongeza thamani kwa sabuni, mafuta na vyakula. Taasisi hiyo hufundisha uzamili na uzamivu, yaani kilele cha ngazi, na mkulima yuko chini yake kabisa. Baina yao panahitajika astashahada na stashahada za ufugaji wa viumbe vya baharini zinazofundishwa karibu na pwani, kwa watu wa pwani.

Upande wa utalii tatizo ni la namna nyingine. Hoteli, mikahawa na skuli za mchezo wa kuteleza majini kwa tiara zimeifanya Paje kuwa mahali ambapo kijana anaweza kupata kazi kabla ya kupata tuzo yoyote, na wengi hujifunza lugha mbili tatu za kigeni, upishi, uongozaji wa wageni na uzamiaji kwa kuwaangalia wenzao. Vyeti vya kimataifa vya uzamiaji au vya ufundishaji wa michezo ya baharini vina thamani ya kweli kwa mwajiri, kwa kuwa vinahusu usalama wa mtu majini, lakini havimo katika ngazi ya elimu ya nchi, na mwenye navyo akitaka kuomba stashahada ya utalii atarudishwa kwenye matokeo yake ya kidato cha nne. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyepokea wageni kwa miaka kumi huendelea kubaki mapokezi, na nafasi ya meneja hujazwa na mtu kutoka nje ya kijiji, au nje ya nchi, mwenye karatasi inayotakiwa. Dawa iliyopo ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, utaratibu ambao mamlaka za mafunzo ya ufundi huutumia kumpima mtu aliyejifunza kazini na kumpa daraja la ufundi stadi linalolingana na uwezo wake, na ambao Tume ya Vyuo Vikuu nayo huutumia kwa mitihani maalumu ya kuingilia chuo kikuu. Utaratibu huu ungepelekwa hotelini kwenyewe, kwa wapimaji kukaa Paje na Jambiani msimu wa mvua za masika ambapo wageni ni wachache na wafanyakazi wana nafasi, ungewafikia watu wengi ambao hawatafunga safari ya Mjini kwa ajili yake.

Ada ndiyo hofu ya kwanza ya mzazi, na inafaa ielezwe kwa ufupi. Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 2011, na ipo pia bodi ya Tanzania, ambayo kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/2024 ilianza kuwakopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mikopo hiyo hurejeshwa baada ya masomo, na anayeomba anatakiwa awe amepata nafasi katika chuo na programu inayotambuliwa. Hapo tena ndipo unapoonekana umuhimu wa usajili, kwani chuo kisichosajiliwa hakimpi mwanafunzi wake haki hata ya kuomba.

Historia ya pwani hii inaonesha kwamba si wanafunzi peke yao wanaopanda ngazi; vyuo navyo hupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulibuniwa Mombasa mpango wa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa wachangiaji wake alikuwa Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Haroub, pamoja na Aga Khan. Chuo hicho kiligeuka kuwa taasisi ya ufundi iliyo wazi kwa wote mwaka 1966, kikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, bila kuacha kutoa stashahada na vyeti vilivyokuwa kazi yake ya asili. Kituo cha Makunduchi kinaweza kukuzwa vivyo hivyo, kikaanza kwa kupokea ngazi ya 4 na ya 5 za SUZA katika ukarimu, biashara na masomo ya bahari, ili mwanafunzi wa Kusini asome miaka miwili karibu na kwao na kuhamia Tunguu au Maruhubi kwa ajili ya stashahada na shahada.

Hadi hilo litakapofanyika, familia yenye kijana anayesubiri matokeo inaweza kujikinga kwa maswali matatu inayopaswa kukiuliza chuo chochote kabla ya kulipa: kimesajiliwa na nani, programu husika iko katika ngazi ya ngapi, na wahitimu wake hupokewa katika programu zipi za ngazi inayofuata. Majibu yote matatu yamo katika miongozo ya udahili ambayo Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la ufundi huitoa kila mwaka, chuo kwa chuo na programu kwa programu. Miongozo hiyo huchapishwa kwa Kiingereza na kuwekwa mtandaoni, ambako mzazi wa Paje aliyelima mwani miaka thelathini ili mtoto wake asome haifikii. Kurasa zinazohusu vyuo vya Unguja na Pemba si nyingi. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili na nakala zake zikawekwa katika kila ofisi ya sheha na kila skuli ya sekondari ya Kusini mwezi Januari, wakati matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia kutoka, mzazi huyo ataweza kuisoma ngazi nzima mwenyewe na kukaa na mwanawe kuchagua.